Mwite Kwanza

Tulimpokea Jumamosi, mvua ya Tralee ikianguka kimshazari:
mbwa mrefu, mwembamba kama alama ya kuuliza iliyokosa swali,
nambari ya wino wa kijani ndani ya sikio.
Miaka minne alimkimbiza sungura wa kitambaa
asiyeliwa.
Hakujua ngazi. Hakujua kioo;
alilipiga dirisha la jikoni kwa pua, akarudi nyuma,
akalitazama kama mtu aliyetukanwa na hewa.
Tulimwita Biskuti. Hakuitika.

Siku ya tisa Malachy aliinama kumpapasa usingizini.
Meno yalipita sentimita moja tu kando ya kifundo cha mkono.
Nusu sekunde.
Kisha mbwa yuleyule akajikunja chini ya meza
akitetemeka, utadhani aliyeponea chupuchupu ni yeye.

Concepta wa nyumba ya pili akasema
mbwa wa hivyo ana dawa moja tu, na si ya kunywa.
Shemeji akasema mpigeni gazeti la puani.
Ushauri wa bure ukajaa nyumba kama moshi wa mafuta.

Mimi nikatoa kadi ya benki.
Yuro sitini na tano, dakika hamsini,
mtaalamu wa tabia za wanyama, Daktari Ruxandra,
ofisini kwake Cork, au chumbani kwake, sijui:
nyuma yake lilikuwapo kabati, na juu ya kabati soksi moja.
Picha iliganda mara mbili.
Hakuanza na mbwa. Alitaka kujua
analala wapi, mlango unafungukia upande gani,
sakafu inateleza, nani huamka wa kwanza.
Nikazunguka na simu nyumbani mwangu kama dalali,
nikimwonyesha mgeni pembe ambazo sijazifagia tangu Pasaka.
Video yetu ya sekunde kumi na moja
aliitazama mara tatu, kimya.
Nikajiandaa kwa hukumu.

"Huyu si mkali," akasema. "Huyu bado analala bandani.
Kule hakuna aliyemgusa ila kumtoa:
mkono, lango, mbio.
Usimguse akiwa amelala. Simama mbali, mwite kwanza.
Ngoja. Macho hufunguka kabla mwenyewe hajafika.
Akifika, kipande cha kuku.
Halafu mkono, kama bado anautaka."
Na meno yake yapimwe, akaongeza, maana maumivu nayo hung'ata.
(Ni kweli. Gego moja lilikuwa limeoza hadi mzizi.)

Malachy hakusema neno. Alikaa nje ya picha,
magoti yake tu yakionekana pembeni ya skrini.

Miaka thelathini na moja ya zimamoto.
Mimi hulala ukingoni mwa kitanda tangu tuoane,
kwani nikimgusa usiku huruka, miguu ikitafuta buti
ambazo siku hizi nimezipanda maua uani.
Mwaka wa tisini na nane kiwiko chake kilinipasua mdomo
nikamwambia Concepta nimeteleza bafuni.
Yeye aliamini. Malachy hakuamini,
ila hatukulizungumza.

Usiku ule upepo ulitikisa bati la ghala.
Kukoroma kukakatika, pumzi ikabadilika,
ile pumzi ninayoijua.
Mkono wangu ulikuwa umeshanyooka. Nikaurudisha.
Nikashuka, nikasimama mlangoni,
baridi ya mbao kwenye nyayo, mtu mzima wa miaka sitini na sita
akijiona mjinga ndani ya gauni la kulalia.

Malachy, nikasema.
Malachy.

Macho yakafunguka. Nikangoja afike.
Alichukua muda, kama mtu anayerudi kwa miguu.
"Na kuku," akauliza, "kuku yuko wapi?"

Huko chini, gizani,
kucha ziligusa ngazi ya kwanza,
zikasita.